Yamaha A-S501 ndani ya nyumba ndogo Kisumu, miezi nane sasa

Kila mgeni akiingia kwangu hapa Migosi akaona hilo sanduku jeusi kwa meza swali la kwanza ni moja, "hii iko na wati ngapi?" Nikisema 85 kila upande naona uso unabadilika, ju yeye kwake iko na wufa imeandikwa 12000 kwa kartoni na bei yake haikufika ata robo ya hii. Wadau, wacha niandike hii kitu mara moja niwe nikiwatumia, ju nimeishi na hii amplifaya (mashine ya kukuza sauti iende kwa spika) miezi nane, kabla yake nilipoteza pesa, na kuna mambo ningependa sana kama mtu angenikalisha chini akaniambia mapema.

Tuanze na hizo wati. Geuza hiyo wufa nyuma usome kile kibati kidogo kando ya waya wa stima, utapata imeandikwa inakula wati 60, pengine 80. Hakuna mashine inatoa nguvu kushinda ile inakula, hiyo 12000 ni hesabu ya PMPO, eti nguvu ya kilele cha sekunde kidogo sana, hesabu ya kuuza kartoni. Na ata zile wati za ukweli haziendi venye watu hufikiria, ukitoka wati 40 ukaenda 80 umeongeza desibeli 3 pekee (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), unasikia tofauti lakini kidogo, ndio sauti ikuwe kama imerudufika kwa masikio unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Kuna amplifaya moja ya NAD, ile 3020 ya mwaka 1978, ilikua imeandikwa wati 20 tu kila upande na mpaka leo watu wanaitafuta. Spika zangu ni za kuweka kwa rafu, zinatoa desibeli 87 kwa wati moja ukiwa mita moja. Usiku mtoto akilala natumia chini ya wati moja. Chini ya moja! Kwa hivyo mi swali langu likakua lingine kabisa, hiyo wati moja ya kwanza inatoka ikiwa safi aje?

Nilikua sijajua kuuliza hivyo wakati nilinunua ile ya kwanza. Ilikua yusdi, yaani imeshatumika, nzuri ya macho, plagi ya pini tatu kama za hapa, na muuzaji akaniambia chomeka tu. Nikachomeka. Haikumaliza dakika, ikanguruma, halafu harufu ile ya vanishi ya transfoma ikiungua, ukishaisikia mara moja hausahau. Nikaibeba hadi Kondele kwa fundi mmoja mzee wa redio, hakufungua kitu, aligeuza tu nyuma akaniita, "Kijana kuja usome hapa." AC 120V, 60Hz. Ilikua imetengenezwa ya Marekani, mtu akakata plagi akaweka ya kwetu, na sisi hapa stima ni 240. Mzee akanieleza polepole bila kunicheka, za Marekani ni 120, za Japani zenyewe za nyumbani ni 100, za Uingereza na Ulaya ni 230 na hizo zinakaa na stima yetu bila shida. Akaniambia plagi mtu yeyote anaweza badilisha na bisibisi, kibati cha nyuma ndio kinasema ukweli. Tangu siku hiyo kama muuzaji ako mbali naomba picha ya nyuma kabla ya picha ya mbele, na akikataa kuituma mi naachana na yeye.

Hii A-S501 nilipata eks-UK, yaani imetumika Uingereza, kutoka kwa mtu alikua anahama Nairobi, elfu 48, picha ya nyuma alituma kabla sijamaliza kuuliza. Ikakuja na basi ya usiku ikiwa imefungwa na blanketi. Ni kilo 10.3, nimeibeba kwa mapaja nikiwa kwa boda kutoka stegi hadi nyumbani na mikono ilikua inatetemeka, na mwenye boda alivyoona jina akaniuliza kama ni injini. Ni ukweli lakini, ukienda Dunga huko ziwani Yamaha ni injini ya boti, na kwa wengi wetu ni pikipiki. Kampuni yenyewe ilianza na vinanda mwaka 1887, ya pikipiki ikatengwa ikawa kampuni yake 1955. Ile alama yao ni vyuma vitatu vya kupimia noti, vile watu wa piano hugonga vikalia. Mi nilipenda kujua hivyo.

Sasa, kwa nini hii na si ingine. Amplifaya nyingi za bei ya chini ukishukisha volyumu chini kabisa upande mmoja unazima kabla ya mwingine, unapata mwimbaji amehamia spika ya kushoto, ju ile nobu ndani ni mbili zimeshikana na za bei rahisi hazilingani huko mwanzoni. Ingine inakua na mngurumo kidogo, mchana hausikii, usiku saa tano unasikia huo mngurumo kuliko wimbo. Hii nimeweka sikio karibu na spika wimbo ukiwa umesimama, kimya. Na volyumu ikiwa chini kabisa mwimbaji anakaa katikati penye aliwekwa. Mi hiyo peke yake ilinitosha kulipa.

Alafu kuna ile nobu imeandikwa LOUDNESS. Omera (ndugu yangu), hapa nitakaa kidogo ju karibu kila mtu mwenye iko nayo anaitumia vibaya. Sikio la mtu sauti ikiwa ndogo linapoteza besi kwanza, na kidogo ya juu, halipotezi zote sawa. Watafiti wawili, Fletcher na Munson, walipima hii kitu huko Marekani wakachapisha 1933, si mambo ya kubahatisha. Ndio maana wimbo wa benga ukiwa juu unasikia gitaa la besi likitembea, ukiushukisha inabaki gitaa la solo na sauti ya mtu, kama redio ndogo. Amplifaya zingine ziko na kitufe kimoja cha kuongeza besi, kimewaka ama kimezima, ukiwa na volyumu kubwa kinakuharibia. Hii ya Yamaha inageuka pole pole na inafanya kazi kinyume na venye unadhani. Unaiweka kwa FLAT, penye haipunguzi kitu, unapandisha volyumu hadi ile ya juu kabisa yenye wewe husikiliza, ya Jumamosi mchana, alafu volyumu hauguzi tena. Ukitaka kushukisha unashukisha na hiyo nobu ya laudinesi, inapunguza sauti za katikati zaidi, besi na za juu zinabaki zikifuata sikio. Wiki mbili za kwanza nilikua nikiichezea kama nobu ya besi na naona haina maana, siku nilisoma kitabu chake nikafanya venye kimesema nilikaa hapo hadi saa saba usiku. Mtoto alikua amelala chumba cha pili na mlango uko wazi. Hakuamka.

Kuna pia kitufe cha Pure Direct, kinaruka nobu zote za besi, trebo na balansi, mawimbi yanapita njia fupi. Kwa spika nzuri mchana naiweka. Usiku siitaki ju inaruka na laudinesi pia.

Baba yangu alitoka Bondo akaja kliniki ya macho huku, akalala kwetu siku nne. Alikua amebeba kwa mfuko wa plastiki santuri nane, zile ndogo za mzunguko 45, hajazicheza tangu gramafoni yake iharibike nikiwa shule ya msingi. Hii amplifaya iko na tundu la PHONO nyuma, na hiyo si tundu ya kawaida, sindano ya santuri inatoa mawimbi madogo sana, milivolti chache, lazima yakuzwe, tena santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na za juu zimeongezwa ndio zitoshe kwa mfereji, kwa hivyo lazima kitu kizirudishe sawa, mpangilio wenyewe wa kurudisha unaitwa RIAA tangu 1954. Hiyo kazi yote inafanyika hapo ndani, bila kisanduku kingine cha kununua. Pleya ya santuri nikaazima kwa rafiki wa Milimani. Tukapangusa santuri na kitambaa na maji kidogo.

Ya tatu ilikua ya nyatiti. Mzee alikua amekaa kama mtu anasubiri habari za saa moja. Nyatiti iko na nyuzi nane, lakini wenye mmekua karibu nayo mnajua nusu ya mchezo iko kwa mguu, ile pete ya chuma kwa kidole gumba inagonga mbao na gara, zile njuga za mguuni, inalia. Kwa simu na kwa wufa hiyo pete hupotea ama inakua kama mkwaruzo wa sahani. Hapa ilisikika ikiwa chuma juu ya mbao, chini kidogo ya nyuzi, mahali pake. Volyumu ilikua ya kuongea. Mzee akaniambia, "Wuoda (mwanangu), huyu mtu amekaa hapo," akanyosha mkono katikati ya spika mbili penye hakuna kitu, kuna ukuta na kalenda. Nikamwambia, "Ndio baba." Akaniomba nirudishe sindano mwanzo. Macho yake saa hiyo yalikua bado na dawa, alikua haoni vizuri, na nafikiri hiyo ilisaidia.

Mambo yenye haina mjue mapema. Haina Bluetooth ndani, mi nimeweka kisanduku kidogo cha kupokea cha elfu tatu na kinatosha. Haina tundu ya USB. Iko na tundu mbili za dijitali, ya mwanga na ya koaksia, tivii inaingia kwa ya mwanga lakini lazima uende kwa mipangilio ya tivii uweke PCM (sauti ya dijitali ya kawaida, haijafinywa), ukiacha Dolby (iliyofinywa) utapata kimya na utadhani imeharibika. Rimoti ni kubwa na iko na vitufe vingi vya mashine zingine zao za sidii, mi natumia vitatu. Ukishika volyumu kwa rimoti nobu yenyewe inazunguka mbele, mtoto wangu anaipenda hiyo sana.

Waya wa spika usiuziwe hadithi. Nenda duka la vifaa vya stima ununue waya wa nyuzi nyingi wa milimita mraba 2.5, kwaruza na wembe, ikiwa ndani ni nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, rudisha. Nyekundu iende kwa nyekundu pande zote mbili, ukibadilisha upande mmoja besi inapotea na utalaumu amplifaya. Spika zangu zimesimama juu ya matofali yamevalishwa kitambaa, mbali na ukuta kama urefu wa mkono, na hiyo ilibadilisha sauti kuliko waya wowote.

Kukaa nayo Kisumu ni kazi yake pia. Stima hapa inaenda na kurudi, na inarudi na nguvu, kwa hivyo weka gadi, kile kifaa cha kulinda vyombo vya stima, ile inasubiri dakika chache kabla ya kuachilia. Mvua ya jioni ikianza kunguruma mi nachomoa kwa ukuta, na waya wa antena ya tivii pia, gadi haizuii radi. Juu yake usiweke kitu, inapumulia huko juu, nimeacha nafasi ya mkono mzima. Wale wadudu wa ziwa wakikuja na taa wanaingia kwa hayo matundu, na mjusi anapenda joto, fundi wa Kondele alinionyesha mmoja amekauka ndani ya amplifaya ya mtu. Ikiwa imezimwa na imepoa naifunika na leso, ikiwaka leso inatoka kwanza, kila mtu kwa nyumba anajua hiyo sheria. Kila mwezi nachomoa nyaya za nyuma nazirudisha ju unyevu wa hapa unafanya shaba kuwa kijani.

Na usinunue hii kama unataka ya matanga ama ya kanisa la hema. Nimeombwa mara mbili niipeane, mara moja na binamu, nikakataa vizuri nikamsaidia kukodisha ile ya kazi hiyo. Hii imetengenezwa ya watu wawili watatu kwa chumba, ukiisukuma usiku mzima nje na spika nne kubwa itajizima, na siku moja haitawaka tena.

Kama uko Nakuru ama Kakamega na unapata moja safi ya 230 chini ya elfu 55, pima pande zote mbili zinalia volyumu ikiwa chini kabisa, zungusha nobu zote kama kuna mkwaruzo (vumbi, fundi anasafisha kwa dakika kumi), alafu chukua.

Mzee amenipigia simu juzi, hakuuliza habari ya mvua wala mahindi, aliuliza kama ile pleya bado iko ama mwenyewe ameichukua. Kuna santuri zingine kumi na mbili ziko chini ya kitanda na anakuja nazo Disemba. Nimeshaanza kutafuta pleya yangu.