Sonic Advance kwenye GBA: kioo kidogo, spidi ileile

Oya niaje watu wangu, karibuni tena, leo nimewaletea hii hapa, subiri niisogeze karibu na kamera muione vizuri, Game Boy Advance SP ya mtumba, ile mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya Nintendo, kwa kifupi GBA, na ndani yake kuna kaseti ya Sonic Advance. Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye komenti kaka hii gemu ya 2001 unaichambua leo ya nini, tulia kwanza, hii gemu ina jambo ambalo watengenezaji wengi hadi leo wanakosea na nataka ulione kwa macho yako.

Sonic mnamjua. Yule kalunguyeye wa bluu, na naomba tusimuite nungunungu, nungunungu ni yule mwenye miiba mirefu mashambani huko. Kazi yake ni moja, kukimbia. Unashika kulia unaachia dunia ipite. Sasa tatizo la gemu ya kukimbia ni kwamba lazima uone unakokwenda, na kioo kikiwa kidogo unaona karibu tu, ndo maana kumleta Sonic kwenye gemu ya mkononi siyo kazi ya kupunguza picha ukamaliza.

Ngoja tupige hesabu kidogo, usikimbie, ni fupi. Kwenye Mega Drive, ile mashine ya Sega ya kuchomeka kwenye TV, picha ya Sonic ni pikseli, yaani vidoti vya picha, 320 kwa 224. Kioo cha GBA ni 240 kwa 160. Ukizidisha unakuta umebaki na kama nusu tu ya picha, yaani nusu nyingine imekatwa imetupwa. Haya, Sonic wa Mega Drive akiwa kwenye tambarare anakimbia pikseli 6 kila fremu, yaani kila picha moja inayopita kwenye kioo, fremu 60 kwa sekunde, na kamera inamweka karibu na katikati. Mbele yake kuna pikseli kama 160, kwa hiyo mwiba ukitokea ukingoni una fremu 26 hivi kabla hujagonga. Mchukue Sonic huyohuyo na spidi hiyohiyo umuweke kwenye GBA, mbele yake zimebaki 120, hizo ni fremu 20, theluthi moja ya sekunde. Theluthi moja! Jicho lione, akili iamue, dole gumba libonyeze, vyote humo humo.

Na mfano wa kukosea ni huu, mwaka 2006 ilitoka Sonic the Hedgehog Genesis, ile gemu ya kwanza kabisa ya 1991 imehamishiwa kwenye GBA kusherehekea miaka 15, na walichofanya ni kuchukua leveli zilezile za kioo kikubwa wakazibandika humu, halafu mwendo wenyewe unakwamakwama na muziki unaburuza. Walioichambua wakati ule waliiponda karibu wote. Kitu kizuri waliongeza ni kusevu, na kuna modi ya maadhimisho ambayo unapata ile spini ya kujizungusha chini ndo uchomoke, ile ambayo gemu ya kwanza haikuwa nayo. Lakini gemu ya spidi ikishakuwa nzito, kusevu kutakusaidia nini.

Sasa cheki hii. Mashine ni ileile. Kioo kilekile, betri ileile. Naiwasha Sonic Advance.

Unaona? Unaona inavyoteleza? Hapa ni Neo Green Hill, leveli ya kwanza, ufukweni, bahari nyuma, minazi, na mimi nimeshika kulia tu sijafanya kitu kingine. Hakuna kukwama hata kidogo. Hii walitengeneza kampuni ya Dimps wakishirikiana na Sonic Team, timu ya Sega wenyewe, ikatoka Japani Desemba 2001, mwaka uleule Sega, wenye Sonic wao, waliacha kutengeneza mashine yao ya Dreamcast wakaamua kubaki na gemu tu, kwa hiyo fikiria mtoto aliyekua anaambiwa Sonic na Nintendo ni maadui anaona Sonic anakimbia ndani ya Game Boy. Ilikuwa habari kubwa ile!

Narudisha nyuma kidogo, hapa, napozi. Angalia hiki kilima. Ukitoka kwenye mteremko na spidi yako yote, mbele umewekewa njia ndefu iliyonyooka, pete za dhahabu anazokusanya Sonic zimepangwa kwa mstari, na ule mstari wa pete ndo unakuonyesha wapi pa kuruka kabla hujaona shimo lenyewe. Yaani kioo hakikuonyeshi mbali lakini pete zinakuonyesha. Hapo ndo nawavulia kofia, kwa sababu mtu alikaa akachora hii leveli akijua kabisa mchezaji ana pikseli 120 mbele yake na siyo 160.

Wahusika wako wanne, Sonic, Tails anayepaa, Knuckles anayeelea hewani na kupanda kuta, na Amy. Nataka niseme kuhusu Amy maana watu wanamruka. Amy hajiviringishi kama wenzake akiruka, akimkanyaga adui hivihivi anaumia yeye, lazima atumie nyundo. Kwa hiyo leveli uliyoipita na Sonic bila kufikiri, na Amy unatembea unapima umbali, unapiga nyundo, unasogea. Ni gemu mbili kwenye kaseti moja kabisa, jaribuni jamani.

Siyo yote mazuri. Leveli ya Angel Island imejaa mashimo ya kufa, na kule naona walisahau somo lao wenyewe, unaruka kutoka kwenye jukwaa hujui chini kuna nini, unakuta hakuna kitu, laifu imeondoka. Halafu zile stage maalumu za kutafuta zumaridi saba, unashuka angani umepanda ubao unakusanya pete, kupima pete iko karibu au mbali ni kazi, mimi nilirudia ya pili usiku mzima. Na bila zumaridi zote huoni leveli ya mwisho, kwa hiyo huwezi kuzikwepa.

Kitu kingine cha kufurahisha, hii gemu ilipelekwa pia kwenye simu ya Nokia N-Gage mwaka 2003 ikaitwa SonicN, na kioo cha N-Gage kimesimama wima, upana pikseli 176 tu. Piga hesabu ileile, mbele ya Sonic zinabaki 88, robo sekunde hivi. Hata leveli nzuri namna hii ikiingia pale inasumbua, kwa sababu ilichorwa kwa kioo kingine.

Ukiitaka leo, kwanza tafuta SP yenye taa kwa ndani, GBA ya kwanza ile ndefu haina taa kabisa, utacheza umekaa dirishani kama unachambua mchele. Pili, kaseti feki zimejaa sokoni na nyingi hazisevu, kwa hiyo usitoe hela kwa kuona imewaka tu. Muombe muuzaji akupe dakika tano, maliza Neo Green Hill Act 1, yaani sehemu ya kwanza, zima kabisa, chomoa kaseti, irudishe, washa. Ukikuta ulipofika pamebaki, lipa chukua. Ukikuta imefutika, mrudishie kaseti yake, mshukuru, nenda duka linalofuata.

Mimi nimeshamaliza yote na Sonic na Tails, sasa niko na Amy kwenye leveli ya Ice Mountain, wiki ijayo nawaonyesha nimefika wapi. Haya, tuonane.