Madaktari Wasio na Mipaka: niliwaona kazini Mlima Elgon

Chama chetu cha soko la Kibuye kilifunga mwaka na shilingi 18,000 ambazo hazikuwa na kazi. Tuko wanawake 14. Mwenyekiti alitaka pesa hizo ziende Sudan, maana ana mpangaji ambaye jamaa zake walikimbia Khartoum vita vilipozuka Aprili 2023. Mweka hazina naye akauliza, kama ilivyo kazi yake: tutajuaje zimefika? Ndipo wote wakanigeukia, kwa kuwa wanajua nilikotoka na wamewahi kunisikia nikiwataja MSF, yaani hao Madaktari Wasio na Mipaka. Niliwaambia nitaandika, kwa sababu haya nikiyasema kikaoni nitalia na kikao kitaishia hapo.

Mimi ni Msabaot, kwetu ni juu ya Cheptais, Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya. Nashona nguo Kisumu tangu 2009. Vita vya kwetu wengi hapa mjini hawakuvijua, au walivisikia kama ugomvi wa mashamba. Ni kweli vilianzia kwenye mashamba ya Chepyuk, nani kapewa na nani kaondolewa. Kufikia 2006 lilikuwepo kundi lenye bunduki, SLDF (Sabaot Land Defence Force), lililokuwa likitoza watu kodi, likiwakata masikio na kuwaua. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi, operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Katikati ya hao wote tulikuwa sisi wa viazi na vitunguu. Mamia walikufa, na makumi ya maelfu wakahama.

Kaka yangu alirudi nyumbani usiku mmoja akitembea kwa visigino. Nyayo zilikuwa zimevimba mpaka ngozi inang'aa, na sikio la kushoto halikuwa likisikia. Nani alimpiga sitaandika. Tulimpeleka kwanza kwenye kliniki moja ya kulipia, wakataka shilingi 3,000 kabla hata ya kumwinua mguu. Hatukuwa nazo. Wakatupa vidonge sita vya maumivu vikiwa vimekunjwa kwenye karatasi. Jirani ndiye aliyetuambia: nendeni pale shuleni siku ya Alhamisi, kuna madaktari, na msibebe pesa.

Tulifika saa mbili asubuhi, kaka akiwa amebebwa kwa toroli. Nje ilisimama Land Cruiser nyeupe, na kwenye kioo chake palibandikwa picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Mlangoni mwa darasa palikuwa na picha kama hiyo. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia na silaha, awe mwenye sare au asiye na sare. Ndani, madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, na hesabu za mara saba bado ziko ubaoni. Kushoto unaandikishwa na kupewa kadi, kisha nesi anakuona, kisha daktari, na mwisho meza ya dawa.

Lililonifanya niwaamini ni benchi la kusubiria. Pale alikaa mama mmoja aliyekatwa sikio, kitambaa kimefungwa kichwani kwa kuzunguka. Pembeni yake akaja kukaa mke wa mwanamume ambaye kijiji kizima kilijua yuko msituni na hao wakataji. Alikuwa na mtoto mgongoni, anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani kila pumzi. Nesi alipita akihesabu pumzi za mtoto kwa saa yake ya mkononi, akasema huyu aende mbele. Sote tulimtazama yule mama wa sikio, maana zamu ilikuwa yake. Akakaa kimya kidogo, halafu akasogeza magoti yake pembeni ili mwenzake apite. Wahudumu hawakuuliza mume wa nani yuko wapi. Tangu lini anahema hivi, ana joto, ananyonya? Basi.

Nesi aliosha miguu ya kaka kwa maji ya vuguvugu, akatoboa palipohitaji kutobolewa, akafunga bandeji, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Kisha akamtazama usoni akamuuliza: "Unalala?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo, hata mimi ninayelala chumba cha pili.

Wakamtoa nje hadi chini ya mparachichi, wakampa mshauri nasaha. Alikuwa Mkenya mwenzetu, mwanamke wa makamo, na mkalimani wa Kisabaot akakaa kando yake. Niliruhusiwa kukaa karibu kwa sababu kaka alitaka. Nilingoja amuulize ilikuwaje, nani, wapi, wangapi. Hakuuliza. Alitaka kujua analala saa ngapi, anakula nini, na mlango ukigongwa mwili wake unafanya nini. Kaka akajibu neno moja tu: "Buti." Alikuwa anasikia buti kila usiku, hata mvua ikinyesha kwenye mabati. Yule mama akamwambia mwili wake haujaharibika, unamlinda, ila bado haujapata habari kwamba amefika nyumbani. Watu wengine hufundishwa kukanyaga ardhi kwa nguvu ili waone wako wapi. Kaka nyayo hazikuweza, kwa hiyo akamwambia aweke viganja kwenye benchi, ataje polepole vitu vitano anavyoviona. Akataja kuku, ndoo, gari, kiatu changu, mti. Mara ya pili sauti ilikuwa imetulia kidogo.

Nyumbani tulikuwa tumeshaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Mshauri aliniita mimi na mama kando. Msimlazimishe kusimulia, alituambia. Akianza mwenyewe, msikilizeni na msimkatize. Mpeni kazi ndogo ndogo za mikono, hata kuchambua maharagwe. Msimwache na pombe. Usiku ule nilimsikia kupitia ukuta wa udongo: mlango, koleo, taa, ndoo, blanketi. Kimya. Halafu tena, mlango, koleo.

Tulirudi Alhamisi saba. Watu hao hao, mparachichi ule ule. Mwanzoni alikuwa akizungumza peke yake na mshauri, baadaye wakamweka na wanaume wengine wanne. Waliyosemezana siyajui na sikuuliza. Najua tu kwamba wiki ya tano aliomba jembe.

Miaka mingi baadaye, binti yangu aliposomea unesi, ndipo nilipojua kwamba yale hayakuwa upole wa mtu mmoja tu, ni elimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kumlazimisha mtu asimulie yote mara moja baada ya mkasa hakushauriwi tena. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopita vitani, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Hesabuni benchi moja la kanisa, mama zangu, muone ni wangapi.

Kwa wanawake palikuwa na kona yenye pazia. Hili naliandika wazi kwa sababu tunalifunika mno. Aliyebakwa anatakiwa kupata dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Kama hujui lingine kuhusu huduma ya aina hii, jua hilo, na umwambie binti yako.

Msidhani mashirika yote ni sawa. Wapo wengine, siwataji, waliokuja na kamera. Walimwomba kaka afungue bandeji wapige picha ya nyayo, wakamwachia mche mmoja wa sabuni. Bandeji niliifunga tena mimi.

Sasa swali la mweka hazina. MSF ilianzishwa Paris mwaka 1971 na madaktari na waandishi wa habari. Baadhi ya madaktari hao walikuwa wametoka kutibu watu katika vita vya Biafra, Nigeria, na hawakukubali kwamba daktari aone mauaji kisha anyamaze. Kwa hiyo wanatibu, na inapobidi wanasema. Mwaka 2008 walisema hadharani kuhusu mateso ya wakazi wa Elgon, wakati wengi walikuwa kimya. Zaidi ya asilimia 95 ya mapato yao hutoka kwa watu na taasisi binafsi, wengi wakichanga kidogo kidogo kama sisi, na hiyo ndiyo inayowapa nafasi ya kukataa pesa za wakubwa. Juni 2016 walikataa fedha za Umoja wa Ulaya kwa kupinga sera yake kuhusu wakimbizi. Jambo ambalo mweka hazina atalipenda kuliko yote ni la tsunami ya Desemba 2004. Baada ya siku chache waliwaambia wachangiaji kwamba pesa za kazi hiyo zimetosha, wakawaomba ruhusa ya kupeleka ziada penye dharura nyingine. Ni nani mwingine mnayemjua aliyewahi kusema imetosha?

Mwenyekiti ni wa Homa Bay, naye ana yake. Pale mwaka 2001 MSF walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi bila malipo, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa ndoto kwa mtu wa kawaida. Alitaja watu wawili wa ukoo wao walio hai hadi leo. Sikuwa na la kuongeza.

Lakini mnapochanga mjue mnachochangia. Hii ni huduma ya dharura. Haimrudishii mtu shamba, haimtafuti aliyepotea miaka kumi, na ikishafika siku ya kufunga hema hufungwa. Anayehitaji kusikilizwa miaka mitatu lazima apate watu wake: kanisa, nesi wa zahanati, ndugu. Na kuna mahali hata wao hushindwa kukaa. Oktoba 3, 2015 hospitali yao ya Kunduz, Afghanistan, ilishambuliwa na ndege ya kivita ya Marekani, watu 42 wakafa, wagonjwa na wahudumu. Huko Sudan kwenyewe wametibu watu katika maeneo ya pande zote mbili, lakini Februari 2025 mapigano yaliwalazimisha kusimamisha kazi katika Zamzam, kambi ya waliokimbia vita huko Darfur. Kwa hiyo msiandike kwenye karatasi kwamba pesa ziende mji fulani tu. Waachieni wapeleke wanakoweza kufika. Hilo ndilo ombi langu pekee kwenu.

Kaka analima vitunguu hadi leo. Sikio halijapona, nasi hukaa upande wake wa kulia tukila. Gari likipita usiku bado huweka viganja vyake mezani, na watoto wake wanajua wasimsemeshe mpaka amalize kutaja.

Tangu niandike hayo, tumezituma zote 18,000. Mpangaji wa mwenyekiti alisikia, akaleta shilingi 500 zake na kuuliza kama mgeni anaruhusiwa. Mweka hazina alimwandika kwenye daftari, mstari wa 15.