Santa Barbara bila gari: treni, bahari na waini

Kiukweli kama upo Los Angeles na una siku tatu za kupumzika, liache gari upande treni uende Santa Barbara. Mimi na dada yangu tulienda mwisho wa Septemba na mpaka leo hatujaacha kuiongelea hiyo safari. Treni inaitwa Pacific Surfliner, ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, masaa mawili na nusu mpaka matatu hivi, na tafadhali sana kaa upande wa kushoto, maana ukishaipita Ventura reli inakwenda kandokando ya maji kabisa, unawaona watu wanateleza kwenye mawimbi, unaviona na visiwa kule mbali kama hakuna ukungu, yaani dada yangu ambaye simu haimtoki mkononi hakuigusa mpaka tunashuka.

Kushuka tu hivi uko mjini. Nje ya stesheni kuna mti mkubwa ajabu, jamii ya mikuyu, mche wake ulitoka Australia ukapandwa 1876, mizizi imesimama juu ya ardhi kama kuta. Gati la mbao la Stearns Wharf ambalo lipo tangu 1872 unalifikia kwa miguu dakika chache tu.

Mji umechangamka kwa weupe, kuta nyeupe na vigae vyekundu kila mahali, na si bahati mbaya, tetemeko la 1925 liliangusha sehemu kubwa ya mji wakaamua kuujenga upya kwa mtindo wa Kihispania. Nendeni mahakamani! Nasema kweli, jengo la mahakama la 1929, kupanda mnara wake ni bure, na ukiwa pale juu ndo unaelewa kwa nini kule wanalima zabibu za waini. Milima ya pale imelala mashariki kwenda magharibi, sio kufuata pwani kaskazini kusini kama sehemu nyingine nyingi za California, kwahiyo mabonde yaliyo nyuma yake yako wazi upande wa bahari na upepo wa baridi na ukungu vinaingia ndani moja kwa moja. Ndo maana karibu na bahari, kule Sta. Rita Hills, wanalima zabibu zinazopenda ubaridi, Pinot Noir na Chardonnay, halafu kadri unavyoingia ndani joto linaongezeka mpaka unakuta Cabernet inaiva vizuri tu. Bonde moja! Mimi hili lilinifurahisha kuliko waini yenyewe.

Sasa sehemu iliyoniudhi. Tulilipia gari la kutupeleka kwenye mashamba ya zabibu kuonja waini, tukaahidiwa mashamba matatu, likachelewa karibu saa zima, dereva akawa anatukimbiza na la tatu hatukuliona, kuomba turudishiwe hela kidogo wakagoma. Njia ya kuvuka mlima, ile 154, ni nzuri mno, unashuka unaliona ziwa Cachuma chini, lakini ukiwa na mtu mwenye haraka huoni kitu. Shamba la kwanza tulikuta wanavuna. Mama mmoja aliyekuwa anatumiminia alinipa punje ya Pinot nitafune, ndogo, ngozi nyembamba, mbegu zimeshakuwa kahawia, akaniambia zikiwa bado kijani usivune. Nikatafuna ile punje halafu nikanywa waini yake, jamani, ladha ileile ila imekomaa.

Kama ningerudi kesho gari ningeliacha, ningekaa Funk Zone. Ni mtaa wa maghala ya zamani kati ya stesheni na ufukwe, siku hizi wenye mashamba wamefungua vyumba vya kuonjea humo, unatoka hapa unaingia pale kwa miguu na hakuna wa kuendesha akiwa amelewa. Kuonja si bure na bei sio rahisi, sisi tulikuwa tunalipia seti moja ya glasi za kuonja tunagawana wawili na hakuna aliyetukataza, kula kwanza lakini.

Ufukweni angalia miguu. Mafuta yanavuja yenyewe kutoka chini ya bahari, yanafika mchangani yakiwa vidonge vya lami, nilikanyaga kimoja kikaganda kisiginoni, sabuni haikufanya kitu. Mafuta ya kupikia ndo dawa, paka, sugua na kitambaa, inatoka. Wachumash, wenyeji wa pwani ile, lami hiyohiyo ndo walikuwa wanakalafatia mitumbwi yao ya mbao, na tangu nijue hivyo sikuichukia tena.

Hali ya hewa Septemba safi kabisa. Juni mawingu yanaweza kukaa mpaka mchana, usikate tamaa asubuhi. Na kama una Jumamosi, wahi soko la wavuvi bandarini, tulinunua wale viumbe wa bahari wenye miiba kama nungunungu, wakapasuliwa palepale, tukala tumesimama na kijiko cha plastiki, tamu na chumvi ya bahari humohumo. Treni nyota 5, Funk Zone 5, lile gari 2, na hizo 2 ni za yule mama wa shambani.