Mtungi wa kilo 6 kwenye nyumba ya watu wanane, Mtwara

Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 wenye kichomeo kinachofungwa juu ya kichwa chake, umeshaingia karibu kila mtaa wa Mtwara Mjini, Chikongola mpaka Mikindani. Kuna walioununua dukani kwa bei kamili, kuna walioupata kwa ruzuku ya nusu bei kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, na kuna waliogawiwa kwenye mikutano wakapigwa na picha. Msimu wa korosho, fedha za mnada zikishaingia, unajazwa bila maneno. Ukipita nyumba hizo hizo mwezi wa tatu, unaukuta pembeni umevishwa kitambaa cha kufumwa, juu yake kuna redio, na uani mkaa unawaka.

Kwamba mtungi huu unapika hakuna ubishi. Kinachohitaji kuangaliwa ni kwa nini unatelekezwa, na katika sababu hizo zipi ni za mtungi wenyewe, zipi za kichomeo, na zipi za namna tunavyonunua. Kwa chai, mayai, wali na samaki wa kuchemsha, mtungi upewe 8 kati ya 10. Kwa mbaazi kavu na ugali wa watu wanane, 4, na hiyo ni kwa huruma.

Tuanze na hesabu, maana ugomvi wa nyumbani huanzia hapo: "Gesi imeisha tena? Si juzi tu imeletwa!" Kilo moja ya gesi hii ina nguvu ya yuniti 12 na nusu hivi za umeme. Kichomeo cha kawaida cha mtungi mdogo, kikiwashwa mpaka mwisho, kinakula gramu 150 mpaka 160 kwa saa. Maana yake kilo 6 ni saa 38 au 40 za moto mkali, basi. Kuchemsha lita 3 za maji kunachukua robo saa na gramu 40. Wali wa kilo moja na nusu, ukipunguza moto baada ya kukauka maji na kufunika vizuri, ni gramu 65 hivi. Ugali wa jioni wa nyumba nzima, moto juu mwanzo mpaka mwisho, ni 80. Ongeza chai ya asubuhi na mboga mbili, nyumba ya watu wanane inafika gramu 300 kwa siku bila ufujaji wowote. Hizo ni siku 20. Familia ya watu wanne inaweza kufika mwezi. Kwa hiyo aliyeambiwa na muuzaji kuwa mtungi unakaa mwezi hakudanganywa, ila muuzaji hakumuuliza nyumbani kwake wanalala wangapi.

Wanaomaliza mtungi kabla ya wakati ni wawili, nao wanajulikana. Wa kwanza ni maji ya kuoga. Ndoo ya lita 10 iliyochemshwa inakula gramu 130. Nyumba yenye mzazi anayekandwa asubuhi na jioni inatumia gramu 260 kila siku kwa maji peke yake. Kilo 6 zinakwisha kwa siku 23 kabla hujapika hata kikombe cha uji. Maji ya mzazi yapashwe kwa mkaa au kuni. Wa pili ni mbaazi kavu zilizotiwa sufuriani bila kulowekwa, zikachemka saa mbili na zaidi kwa moto wa juu. Ziloweke usiku kucha, umwage yale maji, uzichemshe dakika 10 kwa nguvu, kisha ushushe moto mpaka maji yawe yanatikisika tu. Maji yakishachemka hayazidi kuwa moto hata ukifungulia koki yote. Kinachozidi ni mvuke unaopotea. Ukitaka kubana zaidi, epua zikiwa nusu, fungia sufuria na kifuniko chake kwenye blanketi nzito, uache saa moja, halafu urudishe kumalizia. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, nayo haina haraka, inataka sufuria kubwa na muda, kwa hiyo iende kwenye mkaa. Chakula cha unyago wala kisijadiliwe.

Ramadhani ina hesabu yake. Uji, tambi, mihogo ya nazi, maandazi, kisha daku la usiku: matumizi yanapanda kwa theluthi au zaidi, na mtungi uliozoea siku 20 unaisha siku ya 15 au kabla ya hapo, saa kumi na mbili kasoro robo, sufuria ya uji ikiwa juu. Jaza kabla ya mwezi kuandama, hata kama ndani kuna kilo 2. Tatizo la hapo ni kwamba kwa kubadilishana mtungi zile kilo 2 unamrudishia muuzaji bure, kwa hiyo mwenye uwezo awe na mitungi miwili midogo. Inafaa kuliko mmoja wa kilo 15 kwa mtu anayepata fedha kidogo kidogo.

Sasa dukani. Hapa ndipo wateja wengi wanapoteza, na inashangaza kwamba mkoa unaojua kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, na hila zote za mizani ya korosho unanunua gesi kwa kuinua mtungi kwa mkono na kusema "umejaa huu". Kwenye shingo au ukingo wa juu wa mtungi pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Tuseme umeandikwa 6.8. Ukijazwa lazima usome 12.8 kwenye mizani, bila kichomeo. Ukisoma 12.1 umeuziwa gramu 700 za hewa, siku mbili na zaidi za mapishi. Kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinamtaka muuzaji awe na mizani, na mteja ana haki ya kupimiwa kabla ya kulipa. Mizani ikiwa "imeharibika leo", nenda duka la pili. Angalia pia sili ya plastiki juu ya vavu iwe haijakatwa, na namba ya uzito isiwe imefunikwa na rangi mpya; mtungi usiosomeka usiuchukue, kwa kuwa huna cha kulinganisha nacho.

Njia ya nyumbani nayo ina hatari yake. Bodaboda wengi wanaulaza mtungi kwenye tangi. Gesi iliyomo imegandamizwa ikawa kimiminika, na juu yake kuna mvuke. Kichomeo kinatakiwa kipate mvuke. Mtungi ukilala, kimiminika chenyewe kinakaa kwenye vavu, na ukiwasha mara baada ya kufika, moto unaruka mrefu wa njano. Usimamishe wima nusu saa kwanza.

Kufunga kichomeo ni kazi ya dakika mbili, ila ifanywe kwa utaratibu. Hakikisha koki ya kichomeo imefungwa. Tazama ule mpira mdogo wa duara wa kuzuia mvujo: ukiwa umepasuka, umebonyea au haupo, usiendelee, tafuta mwingine. Zungusha kichomeo kwa mkono mpaka kikaze. Spana inauma mpira na kuharibu nyuzi za shaba. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, panavuja. Kiberiti hakipimi mvujo, kinaulipua. Siku ya kutoa kichomeo, vavu ikiendelea kutoa mlio wa "sss", ule msumari wa ndani umekwama. Rudisha kichomeo kama kilivyokuwa, toa mtungi nje mbali na moto, uurudishe dukani.

Kichomeo chenyewe ndicho kiungo dhaifu cha bidhaa hii. Mtungi ni chuma kizuri, kichomeo ni bati jepesi lililopakwa rangi ya kung'aa, na hewa ya chumvi ya pwani yetu haikipi hata mwaka. Mikindani na Shangani kutu inaanza kwenye miguu ya stendi, kisha kwenye matundu ya hewa chini ya kichwa. Matundu yakiziba kwa kutu, vumbi au uji uliomwagika, moto unageuka njano na masizi yanapaka sufuria. Hapo ndipo watu wanaposema gesi imechakachuliwa. Fungua kichwa, sugua kwa brashi kavu, tundu la katikati lizibue kwa uzi mmoja wa brashi ya waya. Usitumie sindano nene wala msumari: tundu likipanuka, gesi inatoka nyingi kuliko hewa na moto hautarudi kuwa wa buluu kamwe.

Ubaya mkubwa zaidi ni kimo. Mtungi, kichomeo na sufuria vikipangwa juu ya vingine, vinafika juu ya goti, kitako ni chembamba, na sisi tunasonga ugali, tena wa muhogo, ambao unavuta mwiko kama udongo. Kila mzunguko unausukuma mtungi pembeni. Akina mama wanaubana kwa miguu, na huo ni mtindo wa kumwagikiwa uji wa moto mapajani. Sufuria yenye upana unaozidi stendi, au yenye zaidi ya lita 5, isiwekwe juu ya mtungi huu. Suluhisho ni jiko la mezani la plate moja au mbili lenye mpira na regyuleta (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi) inayolingana na vavu ya mtungi wako. Mtungi unakaa chini, jiko linakaa juu ya kitu imara, na watoto hawafikii koki kirahisi. Mpira usizidi mita moja na nusu, ubanwe kwa klipu pande zote mbili, ubadilishwe kila baada ya miaka miwili au mara tu unapoanza kupasuka ukiukunja. Ni gharama ya ziada ambayo kwenye ugawaji wa mitungi haitajwi, na kwa maoni yetu ndiyo inayoamua kama mtungi utatumika au utawekewa redio.

Upepo pia uhesabiwe. Kuanzia mwezi wa tano kusi inavuma uani mchana kutwa, na moto mdogo wa kichomeo unalala ubavuni. Chai ya robo saa inakwenda nusu saa. Kuusogeza mtungi ndani kunasaidia, kwa sharti moja: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni. Jiko la ndani liwe na mlango au tundu la chini, si dirisha la juu pekee. Ukinusa ile harufu ya kabichi iliyooza, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Funga koki, fungua milango, toa watoto, mtungi utoke nje. Moto ukishika kwenye maungio, funika kwa blanketi lililoloweshwa, kisha funga koki. Ukikushinda, Zimamoto ni 114.

Malalamiko yanayosikika zaidi Mtwara ni haya: gesi inatoka Msimbati, mbona tunauziwa kwa bei hii? Hasira ni halali, lakini mtungi haumo kwenye kesi hiyo. Kilichogunduliwa Mnazi Bay, huko huko Msimbati, mwaka 1982, na kinachosafirishwa tangu 2015 kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, ni gesi asilia, methani, nyepesi kuliko hewa, isiyogeuka kuwa kimiminika kwa mgandamizo wa mtungi wa jikoni. Ya mtungini ni propani na butani, inaingia nchini kwa meli na kushuka kusini kwa malori. Ndiyo maana barabara ilipokatika Somanga mvua za Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mtu wa Ligula aliye mkoa mmoja na visima vya gesi alikuwa anategemea lori lililokwama Kilwa. Zipo nyumba za Mtwara Mjini zilizounganishwa na gesi asilia ya bomba. Mwenye mtaa uliofikiwa asisite, na asijaribu kutumia kichomeo chake cha mtungi humo: tundu lake la kutolea gesi ni la gesi nyingine.

Mkakati wa taifa wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa nyumba ya kawaida ya huku, kikwazo kikubwa ni ujazo wa pili. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo; gesi inataka fedha ya wiki tatu kwa mkupuo. Chukua mfano: ujazo ukiwa shilingi 25,000 na ukakaa siku 20, ni 1,250 kwa siku. Nyumba inayochoma mkaa wa 1,500 kwa siku inaokoa 250, lakini kuokoa huko hakuonekani kama hakuna anayeweka 1,250 kila siku pembeni. Kibubu karibu na jiko kinafanya kazi ambayo ruzuku ya mtungi haifanyi.

Kujua kilichobaki huhitaji mizani. Mwagia ubavu wa mtungi maji ya moto kidogo, subiri, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: pale joto linapokatika na kuwa baridi ndipo gesi ilipofika. Ikishabaki vidole viwili, anza kutafuta fedha. Usiuinamishe wala kuugeuza kichwa chini kukamua ya mwisho, na usiupashe kwa makaa. Ukiisha kabisa, funga koki kabla ya kuupeleka dukani, maana mtungi mtupu bado una mvuke ndani.