Nyota tatu na nusu kwa digrii niliyosomea nyumbani Umoja

Nilianza kusomea shahada ya biashara mtandaoni Septemba 2020, nikavaa joho Desemba 2024. Chuo ni cha binafsi, hapa hapa Nairobi. Jina silitaji kwa sababu bado nina kashida kadogo nao, mtakasoma huko mwisho. Nilipoanza nilikuwa karani wa stoo Industrial Area.

Pesa kwanza, najua ndizo mlizofuata hapa. Karo ilikuwa shilingi 38,000 kwa muhula, mihula minane, jumla 304,000. Laptopu ya mtumba ya Luthuli Avenue 22,000, betri yake ya maonyesho tu. Bando kama elfu moja kwa mwezi. Mwenzangu wa kazini aliyechagua masomo ya jioni mjini alilipa karo karibu sawa na yangu, akaongeza nauli, na saa tatu usiku bado yuko Jogoo Road ndani ya matatu, kichwa kimelalia dirisha. Mimi saa hiyo nishakula, mtoto kalala, nimefungua somo. Kwa hilo siwezi kukiponda chuo.

Kufundisha kwao ni kwa kawaida tu. Mhadhiri wa uhasibu alikuwa moto kweli: alijirekodi akikokotoa hesabu hatua kwa hatua kwa kalamu na karatasi, na jogoo wake unamsikia nyuma. Wengine walitutupia slaidi za 2014 wakanyamaza. Maktaba yao ya mtandaoni ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Majarida niliyosoma mle, ningeambiwa niyanunue ningeuza kitanda. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa inatambaa, nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kupakia kazi zangu. Tarehe ya mwisho haikusogezwa hata siku moja.

Mtihani ndio wenye hadithi. Unaufanyia nyumbani, kamera inakutazama. Kabla ya kuanza unazungusha laptopu uonyeshe chumba kizima: kitanda, ndoo za maji, sufuria, nguo nilizoanika ndani kwa sababu ya mvua. Mtu nisiyemjua ameona sidiria zangu ndipo nikaruhusiwa kujibu maswali ya Sheria ya Biashara. Haya. Dakika ya arobaini, kidude cha tokeni za stima kikaanza: pii, pii. Kushika simu ninunue zingine siwezi, simu ikionekana huo ni wizi wa mtihani. Nikageuza shingo kidogo kuangalia zimebaki ngapi, programu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba mtahiniwa anatazama pembeni. Zilikuwa 0.8. Niliandika kama ninayefukuzwa. Stima ilizimika nikiwa tayari naosha vyombo, na wiki iliyofuata nikatakiwa kuandika barua ya kueleza nilikuwa natazama nini ukutani.

Lakini kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema ni hiki: ukilipia digrii ya mtandaoni, unachonunua hasa ni ofisi ya mitihani. Video utazipata popote, hata bure. Alama zako zikipotea, hakuna mlango wa kubisha. Zangu za Takwimu za Biashara zilipotea. Nilikuwa na ujumbe wa kuthibitisha kwamba nimewasilisha, na picha ya skrini. Barua pepe nne, kimya. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe, ghorofa ya tatu, na huko nikakuta foleni ya wanafunzi wa mtandaoni ambao hatujawahi kuonana. Tulitambuana kwa sauti. “Kumbe wewe ndiye wa ndege?” nikamwuliza kaka mmoja, anaishi Embakasi, na kila akiongea darasani kuna ndege inapita juu ya paa. Karani akaniambia, “Dada, rudi wiki ijayo.” Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu akatoa faili la karatasi, karatasi jamani, na alama zangu zilikuwa humo, zimeandikwa kwa kalamu: 61.

Je, ilifaa? Kwangu ilifaa. Kazi nilikuwa nayo tayari. Kilichonizuia kupanda ni ile digrii iliyotajwa kwenye tangazo la ndani. Mshahara umetoka 31,000 hadi 52,000, mimi ndiye msimamizi wa stoo sasa. Mama wa ofisi ya wafanyakazi hakuuliza nilisomea chumbani au ukumbini. Alitaka kujua kama chuo kiko kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na orodha hiyo iko kwenye tovuti yao, iangalieni kabla ya kulipa hata shilingi.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na C+ yake, anataka kunifuata. Nimemkatalia. Yeye hana kazi, hajui mtu, na watu wa kumwambia nafasi ya kazi iko wapi atawapata akiketi nao darasani, sio kwa kusikia majogoo yao.

Nyota moja na nusu nimeikatia ile ghorofa ya tatu. Joho nilivaa, cheti ninacho. Ila nikifungua akaunti yangu ya chuo, hata leo asubuhi nimeangalia, pale kwenye Takwimu za Biashara pameandikwa: hajafanya.