TAHADHARI: Forester ya turbo "iliyotyuniwa" imerudi tena sokoni Dar

Wakuu, kuna Subaru Forester SG5 XT rangi ya fedha, rimu nyeusi, ekzosi kubwa ya kunguruma. Dalali mmoja anaizungusha kwa milioni 12 na tangazo lake linasema "stage 2, imetyuniwa injini hadi giaboksi", yaani imeongezwa nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Mdogo wangu aliinunua, yakamkuta, akairudisha. Juzi nimeiona imewekwa tena sokoni kwa picha zilezile. Jina la dalali silitaji kwa kuwa jalada liko polisi, ila gari mtaitambua, na hata akibadili gari mchezo wake utakuwa huu huu.

Giaboksi iliyomo humo si yake. Forester za otomatiki za miaka ile zina gia nne, zinavuta kwa magurudumu yote manne, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele imo humohumo ndani ya giaboksi. Difu ya nyuma iko peke yake. Uwiano wa hizo mbili, yaani propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu nyuma) inazunguka mara ngapi kwa duru moja la magurudumu, lazima ulingane. Difu ya nyuma ya gari hii ni 4.44, giaboksi aliyoifunga imetoka kwenye Subaru nyingine na ni 4.11. Tofauti ni kama asilimia 8, kwa hiyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana muda wote gari ikitembea. Anayeubeba mvutano huo ni zile klachi za kugawa nguvu zilizoko mkiani mwa giaboksi. Zinachemka, zinaungua, na unga wake unazunguka na oili hadi kwenye valvu.

Mtasema mbona mdogo wangu hakuhisi alipoijaribu. Hapo ndipo palipo na ufundi wa huyu dalali. Chini ya boneti kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD, na kikawaida huwa kitupu. Ukichomeka fyuzi pale, kompyuta ya giaboksi inaachia magurudumu ya nyuma, gari inavuta kwa mbele peke yake. Kwa hiyo mvutano wote unapotea na gari inateleza vizuri tu. Kwenye dashibodi taa ya FWD inatakiwa iwake fyuzi ikiwepo. Tulipofungua dashibodi tukakuta taa hiyo imepakwa rangi nyeusi kwa nyuma. Mtu alikaa chini akaifanya kazi hiyo kwa utulivu kabisa.

Mdogo wangu alipeleka gari kwa fundi umeme kufungiwa kamera ya nyuma. Fundi akaiona fyuzi hiyo, akajua haitakiwi kuwepo, akaitoa. Alikuwa sahihi. Safari iliyofuata ya kwenda Morogoro, kabla ya Chalinze, harufu ya kuungua ikajaa ndani, taa ya AT OIL TEMP (oili ya giaboksi imechemka) ikawaka, na kila akikata kona ya kuingia sheli gari inagoma kama imeshikwa breki. Akamalizia safari kwa kuvutwa.

Kumpigia dalali, akasema giaboksi "inajifunza", eti baada ya kutyuniwa inataka kilomita kadhaa itulie. Uongo. Injini ni kweli ilikuwa imeguswa, presha ya turbo imepandishwa, na hilo lilizidisha ubaya. Kwenye gari hii kompyuta ya injini na ya giaboksi ni maboksi mawili tofauti. Ya giaboksi ndiyo inayopanga presha ya oili ya kubana klachi, kulingana na nguvu inayotegemea kuipata kwa injini. Ukiongeza nguvu upande mmoja bila kugusa upande wa pili, klachi zinateleza kila gia inapopanda. Mwenye kutyuni kwa nia njema hushughulikia presha kwenye valvu za giaboksi na huongeza kipozeo cha oili mbele ya rejeta. Hapa hakukuwa na hata kimoja. Tulimwomba faili la ramani (mipangilio mipya ya kompyuta ya injini) na jina la aliyeiandika. Mpaka leo kimya.

Kisha akatuelekeza kwa mwenzake wa Gerezani, eneo la vipuri hapa Dar, mwenye "giaboksi ya Japani, chasisi ileile", milioni 2.3. (Gerezani wapo wauzaji waaminifu wengi, nimenunua kwao miaka yote.) Tulipofika, kibandiko cha namba ya giaboksi kilikuwa kimekwanguliwa. Tukaondoka.

Ukienda kuangalia Subaru ya otomatiki, anza na boneti kabla hujapewa ufunguo: tafuta kile kishikio cha FWD. Kikiwa na fyuzi, ichomoe, kisha zungusha usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye eneo la wazi lenye lami. Ikijivuta au ikirukaruka, nenda zako. Angalia na saa ya kwenye dashibodi na stesheni za redio. Zikiwa zimejifuta, betri imechomolewa karibuni, na mara nyingi ni kwa ajili ya kufuta makosa kwenye kompyuta. Oili nyekundu inayong'aa kwenye gari ya 2004 nayo isikufurahishe haraka. Giaboksi hii inabeba zaidi ya lita 9, na ukifungua nati ya chini inatoka kama nusu tu, kwa hiyo mtu anaweza kuipa rangi nzuri kwa lita chache. Ukitaka uhakika wa difu, nyanyua nyuma, zungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja duru moja huku mwenzio akihesabu propela shafti. Kwa 4.44 itazunguka mara nne na karibu nusu. Kisha linganisha na namba ya giaboksi iliyofungwa.

Kuhusu hela: katika milioni 12 alirudisha 9, tatu akazikata kama "usumbufu". Polisi wamefungua jalada la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kama uliuziwa gari na mtu anayefanana na huyu, au ulielekezwa kwenye giaboksi yenye kibandiko kilichokwanguliwa, nitumie ujumbe pamoja na risiti na picha za matangazo yake. Mpelelezi ameomba walalamikaji wengine wafike wenyewe kituoni, nami nitawaelekeza ni kituo gani.