Rivyu: miaka mitatu na Jack Russell kwenye nyumba yenye watoto

Nimeamua niandike hii mara moja iishe, maana kila mgeni akiingia kwetu akamuona Kiberiti, Jack Russell wetu, cha kwanza anachosema ni jamani kadogo haka, kazuri, na sisi tunataka kama haka, halafu mi naanza upya kueleza nusu saa nzima mtu wa watu hata hajakaa. Kwa hiyo nyie mnaotafuta terrier wa familia, yaani mbwa wa jamii ya huyu Jack Russell, someni hapa, ni ndefu kidogo mtanivumilia.

Nyota zangu kwanza. Mbwa nampa nne. Sisi tuliomchagua tunajipa moja, kwa sababu tulichoangalia ni saizi tu. Kilo sita, begani hafiki sentimita 30, anaenea kwenye begi la mgongoni, tukasema huyu hatatusumbua. Aisee.

Kitu ambacho hatukuuliza na hakuna aliyetuambia ni kwamba huo udogo ni wa kazi, sio wa kupakatwa. Terrier ni mbwa wa kuingia shimoni kumfuata mbweha au panya, hata jina lenyewe limetoka kwenye terra, ardhi kwa Kilatini. Hawa wa kwetu wameitwa kwa jina la mchungaji mmoja wa kanisa wa Devon kule Uingereza, John (Jack) Russell, mtu wa kupenda kuwinda kupita kiasi, ambaye mwaka 1819 akiwa bado anasoma Oxford alimnunua mbwa jike mmoja mweupe anaitwa Trump kutoka kwa muuza maziwa na ukoo ukaanzia hapo. Sasa hebu fikiria kazi yenyewe, mbwa yuko chini ya ardhi, giza, hakuna bosi wa kumwambia kata kulia kata kushoto, anaamua mwenyewe, anafukua mwenyewe, na lazima abweke sana ili wenye majembe huku juu wajue yuko wapi. Kuamua mwenyewe, kufukua, kubweka. Ndo malalamiko ya mke wangu hayo, yote matatu, na kwa mpangilio huohuo.

Kuhusu kufukua nina kesi. Uzio tulikuwa nao, mrefu tu wa kutosha, tukajua tuko salama. Hakuuruka, alipita chini. Siku hiyo nilikuwa ndani nikastuka kwamba sijasikia kelele kama dakika ishirini hivi, na kimya cha terrier bora kelele zake, nikatoka nikakuta shimo la ukubwa wa sufuria na udongo umetupwa mpaka kwenye ngazi, na upande wa pili sungura wa jirani. Sitaelezea. Nilienda kuomba radhi mwenyewe na mpaka leo yule jirani ananisalimia nusu nusu. Sikumchapa Kiberiti wala nini, angejuaje kwamba yule panya mkubwa ana mwenyewe? Lakini kama kwenu kuna sungura, hamsta, ndege au kuku, terrier msahau tu, usijidanganye kwamba utamfundisha. Paka inawezekana kama wamekua pamoja toka udogoni, ila wa kwenu huyo huyo, paka wa kupita hana mkataba naye.

Dawa ya uzio ikawa wavu wa chuma, unaukunja kama herufi L, upande mmoja unaufunga kwenye uzio na mwingine unaulaza ndani ya ua chini ya udongo kidogo, akifukua anakutana na chuma anachoka. Na mtoto wetu mkubwa akaja na wazo kwamba tumpe sehemu yake ya kufukua, tukajaza mchanga kwenye boksi kubwa tunamfichia vitu humo. Nilicheka kwanza. Imefanya kazi kuliko wavu.

Turudi kwenye kuchagua maana hapo ndo wengi tunaharibu. Muuzaji alitaka tumchukue ana wiki tano, eti ameshaanza kula. Tukagoma, tukasubiri mpaka wiki ya nane, na hilo ndo jambo moja la akili tulilofanya, kwa sababu zile wiki za kubaki na mama na ndugu zake ndo anajifunza kung'ata kwa kiasi, akizidisha mwenzake analia na mchezo unaisha. Ombeni kumuona mama. Akiwa anawaogopa watu au ana ukali wa ajabu ondokeni tu, hata watoto wake wawe wazuri namna gani. Sisi siku tuliyoenda mmoja alitoka mbio akarukia kamba za viatu vya mtoto akawa anavuta huku ananguruma, watoto wakapiga kelele huyu huyu huyu. Pembeni kulikuwa na mwingine, akaja taratibu, akanusa kidole changu, akakaa. Tulimchukua wa viatu. Yule wa pili huwa namkumbuka saa kumi na moja alfajiri wenzangu wote wamelala mimi nimeamshwa.

Kingine ambacho hatukuuliza ni macho. Kwenye aina nyingi za terrier kuna ugonjwa wa kurithi ambao vile vinyuzi vinavyoshikilia lenzi ya jicho vinakatika na lenzi inahama mahali pake, mara nyingi mbwa akiwa na miaka kati ya 3 na 8, maumivu makali na akicheleweshwa anapofuka. Kuna kipimo cha DNA, wanapangusa tu shavu kwa ndani na kijiti cha pamba, muuzaji makini anakuwa na majibu ya baba na mama. Sisi tumekuja kupima wenyewe amefikisha mwaka na nusu baada ya kusikia kwa daktari wa mifugo, Kiberiti amerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu kwa hiyo hatari kwake ni ndogo, lakini ile wiki ya kusubiri majibu mke wangu alikuwa anammulika macho na tochi kila usiku, mbwa mwenyewe akadhani ni mchezo. Na hawa weupe wengine huzaliwa viziwi, piga makofi nyuma ya kichwa chake kabla hujatoa hela.

Manyoya. Wapo wa nyoya laini, wapo wa nyoya gumu la kusimama, wapo wa katikati. Msidhani mwenye nyoya fupi laini hamwagi, ndo anamwaga hasa, na zile nywele zinachoma kwenye kochi kama sindano hazitoki hata kwa mashine. Wetu ni wa nyoya gumu na hapa nina kinyongo na saluni moja ya mbwa, siitaji jina, waliompitisha mashine ya kunyolea bila kuuliza. Lilivyoota tena likawa laini kama pamba, rangi imefifia, na matope ambayo zamani yalikuwa yanakauka yanadondoka yenyewe sasa yananata. Nyoya gumu halinyolewi, linang'olewa kwa vidole. Unashika vichache tu, vile vilivyokufa, unavuta kuelekea linakoota, vikiwa tayari vinatoka hata hasikii, unavaa glavu za mpira visiteleze. Mimi huwa nafanya mara mbili kwa mwaka, nagawa siku tatu maana subira yangu na yake zote ni fupi.

Vifaa nitataja vichache. Midoli ya kulia pii pii ni hasara, dakika nne, nilipiga saa, aliitafuta ile sauti mpaka akaitoa tumboni kwa mdoli. Kong ile nyekundu ya mpira yenye tundu tunayo ileile toka mwanzo, tunajaza chakula tunagandisha kwenye friza, inatupa nusu saa ya amani. Hanesi ya kifuani badala ya mkanda wa shingo, maana hawa wanavuta mpaka wanakohoa.

Watoto sasa, swali ninaloulizwa kuliko yote. Wetu mmoja sasa ana kumi mwingine sita, na wanapendana na huyu mbwa kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, mdogo akiugua, Kiberiti halali kwenye kitanda chake mwenyewe. Lakini terrier sio mbwa wa kuvutwa masikio. Mwaka jana mdogo aliingiza mkono chini ya kochi kumnyang'anya soksi, mbwa akanguruma, mtoto akavuta, jino likakwaruza kidole. Tukaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, chanjo ya kichaa cha mbwa Kiberiti anayo lakini hilo halijadiliwi, tukaenda na hospitali. Baada ya hapo nyumba ina sheria mbili, akiwa kitandani kwake haguswi, na akichukua kitu humnyang'anyi, mnabadilishana, unampa kizuri zaidi anaachia. Soksi mbili tumepoteza toka siku hiyo, vidole hakuna. Mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu ningemwambia asubiri kidogo.

Terrier wengine kwa haraka haraka. Yorkshire ni kilo tatu hivi lakini ukiacha nyoya lirefuke ni kuchana kila siku. Westie mweupe anavutia ila ngozi zao zina matatizo sana ya aleji. Airedale karibu sentimita 60, huyo sio terrier wa kuogeshea kwenye beseni. Border ana utulivu kidogo kuzidi wa kwetu, na ningekuwa naanza upya na watoto wadogo pengine ningemuangalia huyo. Pengine. Mke wangu akisoma hapa atauliza nani kasema tunaanza upya.

Muda ndo bei halisi. Saa nzima ya kutembea na kukimbia kila siku, mvua au jua, kwa miaka 13 mpaka 15 na zaidi, ukikosa atajitafutia kazi yeye na hutaipenda. Yetu inaanza saa kumi na moja jioni. Sa hivi ni kumi na moja na dakika saba, ameleta hanesi ameiweka juu ya mguu wangu, anapiga chafya moja moja za kunikumbusha.